Figa la Marumaru

Kambini, 3 Juni

Mama Mapacha, mke wangu,

Kaa chini kwanza. Kama umeshika ndoo, itue. Mumeo amejaliwa bahati mbili duniani: ya kwanza ni wewe, na ya pili ameiokota juzi kwa mkono huu huu wa kulia ambao wewe husema hauwezi kuokota hata soksi zake.

Nimepata jiwe! Wala si jiwe la kuzuilia mlango. Ni jiwe ambalo Daktari wetu wa miamba, yule mama wa serikali, amelitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sisi vibarua wake tumelitafuta naye mpaka soli zimebaki jina. Wenzangu wote walipita pale pale. Nikapita mimi, Jicho la Mwewe, nikaona chembe ya kahawia-nyekundu imechomoza kwenye jiwe jeupe kama jino la dhahabu mdomoni mwa tajiri. Nikainama. Mengine ni historia, na historia hiyo ina jina langu.

Sasa nikufundishe, usije ukatapeliwa na watu wa mjini. Daktari anasema milima ya huku ni mawe yaliyopikwa. Zamani yalikuwa tope la chini ya maji, yakafukiwa, yakabanwa, yakaokwa miaka isiyo na idadi bila kuyeyuka, yakageuka kitu kingine kabisa. Nikamwambia, "Daktari, hiyo si milima, hiyo ni ndoa." Alicheka mpaka akavua miwani.

Humo ndani ya mawe yaliyopikwa kuna mengi mekundu, na mengi ni waongo. Kuna kutu ya chuma: ukiisugua kwenye mgongo wa kigae, ule upande usio na mng'aro, inaacha mstari mwekundu. Nikatoa kile kipande cha kigae ulichonipa siku naondoka, nikasugua. Mstari hamna! Kigae chako ndicho kilichokwaruzika. Basi si kutu, ni gumu. Kuna ganeti pia, nalo ni gumu, lakini ganeti ni duara lenye nyuso nyingi, na ukiligeuza vyovyote rangi ni ile ile. Hili langu ni refu, mfano wa kipande cha penseli, lina pande sita. Ulishike juani. Kwa ubavu ni kahawia, kama chai iliyokolea. Lisimamishe, litazame kwa kichwa chake: jekundu, Mama Mapacha, jekundu kama taa ya kusimamisha magari! Daktari na mimi tuliliinamia kwa lenzi moja, vichwa vikigongana, akasema, "Umetuokoa." Jina lake la kitaalamu ni refu kama treni ya mizigo, nikiliandika nitamaliza karatasi.

Nimekufungia kipande ndani ya soksi. Soksi ni safi.

Sasa kuhusu ile kazi ya hoteli uliyoniandikia, ya kwenda mji mwingine nusu mwaka na genge zima la mkandarasi, yule fundi bomba akiwemo. Mwambie mkandarasi asante, hapana. Daktari ataniandika kwenye kitabu, na atanipa cheo cha msimamizi wa sampuli. Magoti yako yamepiga sakafu za watu vya kutosha. Sasa yapumzike.

Wabusu mapacha, kila mmoja kwa zamu, wasigombane.

Mumeo,
Jicho la Mwewe


Nyumbani, 9 Juni

Baba Mapacha,

Soksi haikuwa safi.

Sisi wazima. Mapacha wameambiana kwamba baba amekuwa tajiri, na sasa wanakataa kuosha vyombo. Umenianzishia vita.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikafurahi. Ya pili nikasikia Daktari. Daktari kasema, Daktari kacheka, Daktari kavua miwani. Nilianza kuhesabu nikaacha, nina kazi. Hivi lenzi huko kambini ni moja tu? Serikali nzima, lenzi moja, mpaka vichwa vya watu wazima vigongane? Wewe hapa nyumbani nikikuambia tuinamie wote beseni la nguo, mgongo unakuuma. Huyo Daktari ana mume? Na huyo mume anajua kuhusu lenzi?

Nauliza tu. Sina wivu mimi. Nina nyundo ya mpira na najua kuitumia.

Sasa jiwe. Nimefanya ulivyonifundisha. Nilikuwa naweka vigae kwenye maliwato ya ile zahanati mpya, kwa hiyo migongo ya vigae ninayo ya kutosha kijiji. Nikasugua, mstari hamna. Vizuri, si kutu. Nikatoka nje juani, nikalishika kwa vidole viwili. Ubavu: jekundu. Kichwa: jekundu. Nikaligeuza mpaka fundi bomba akaniuliza kama nimeokota mbegu ya kunde. Halina pande sita, Baba Mapacha. Ni duara. Lina nyuso nyingi ndogo ndogo. Ni jekundu lile lile kila upande.

Wewe ndiye uliyenifundisha hilo linaitwaje.

Kuhusu fundi bomba, kwa kuwa umemtaja: ni mtu mzuri. Ananibebea maboksi ya vigae kutoka getini. Juzi alinipimia mteremko wa maji kabla sijamwomba. Haongei sana, jambo ambalo kwangu ni geni.

Mkandarasi hakuniomba niende kubandika tu, nilikuandikia. Safari hii anataka niwe msimamizi, mafundi vigae wote wa hoteli wawe chini yangu. Mtu aliniita "msimamizi" mbele za watu, nikageuka kumtafuta anayeitwa. Magoti yangu hayajawahi kukuletea malalamiko, usiyasemee. Mama amekubali kukaa na watoto. Jibu linatakiwa wiki ijayo.

Lakini wewe ni mume wangu na sijaolewa na hoteli. Kama ni kweli bahati imeingia, na unarudi na cheo chako tukae pamoja, nitamwambia hapana. Sitaki hadithi, nina za kutosha. Niandikie neno moja tu: ni kweli?

Mkeo,
Fundi


Kambini, 14 Juni

Fundi wangu,

Ni kweli.

Hilo ndilo neno, ni mawili lakini nakupa la ziada bure. Sasa nisikilize.

Jiwe ulilonalo ni ganeti, umepatia, na ningekuwa na nyota ya kubandika ningekubandikia kwenye paji la uso. Mifuko ilichanganyika. Lile lenyewe liko ndani ya sanduku la Daktari, limefungwa kufuli mbili, linangoja kwenda mjini kwenye mashine. Ungetaka nilitie kwenye soksi lile? Hata mimi nina akili, ila siitumii ovyo.

Daktari ana wajukuu. Anakoroma mpaka kamba za hema zinalegea. Anavaa buti kubwa kuliko langu, na akikasirika anatutukana kwa upole, jambo baya zaidi. Haya, umetulia?

Mimi sijatulia. Mwanamume anayembebea mke wa mtu maboksi ya vigae, kaka yake ni nani? Mjomba wake ni nani? Boksi la vigae ni zito, mwenzangu. Mtu habebi uzito ule bila nia. Halafu eti haongei. Fisi naye haongei anapolitazama zizi! Mimi naongea, ndiyo. Mtu anayeongea unajua alipo. Mtu wa kimya unamkuta tayari kakaa kwenye kiti chako, anakupimia mteremko wa maji. Naliona jambo lote: hoteli, nusu mwaka, wewe unabandika, yeye anaunganisha, ukuta mmoja, maji yakitiririka, na mimi huku nimekumbatia nyundo.

Na huku nako siku hizi hakukaliki. Mpishi wetu amevimba kichwa. Ukimwomba chumvi anakutazama kama umemwomba shamba. Anakaa kiti cha mbele garini, karibu na Daktari, mahali nilipokuwa nikikaa mimi, na sisi wengine nyuma pamoja na masufuria ambayo, nikukumbushe, ni masufuria yake. Jana Daktari amempa lenzi ya kwake mwenyewe, ya kuning'iniza shingoni. Mpishi! Anaitumia kutazama maharage kama yana wadudu. Kambi nzima inacheka naye, na mimi nacheka pia, meno ya mbele tu.

Achana na hayo. Jambo kubwa ni moja. Mwambie mkandarasi hapana. Usiseme labda, usiseme tutaona, sema hapana, na useme fundi bomba akiwepo asikie. Mke wa Jicho la Mwewe habebewi boksi na mtu.

Mumeo anayekupenda mpaka anakosa usingizi,
Jicho la Mwewe


Nyumbani, 21 Juni

Baba Mapacha,

Nimemwambia hapana.

Nilikwenda ofisini kwake jana mchana. Ofisi yake ni lile kontena la bluu, unalijua, ndani kuna joto la kuoka mkate. Alikuwa ametandaza ramani ya hoteli mezani. Ameandika kwa kalamu nyekundu kwenye kila sakafu jinsi vigae vitakavyolala, na pembeni ya ukumbi mkubwa ameacha alama ya kuuliza. Akaniambia, "Hapa nilikuwa nakungoja wewe. Ukumbi ni wa duara, sijui tuanzie katikati au mlangoni."

Unaanzia katikati. Nilimwambia. Kisha nikamwambia hapana.

Hakunibembeleza. Aliuliza, "Ni mume?" nikasema ni bahati, mume wangu amepata bahati. Akasema hongera. Akasema lori linaondoka tarehe thelathini asubuhi, na kiti cha msimamizi hatampa mtu mpaka lori liwashwe, si kwa ajili yangu, ila kwa sababu hana mwingine. Fundi bomba alikuwa mlangoni. Alisikia kama ulivyotaka. Alivua kofia akasema, "Msalimie mzee," yaani wewe. Basi.

Vile vimto vya magoti nilivyoshona kwa sponji ya godoro nimeviosha, nimevianika. Mapacha wanavitumia kuwalaza wanasesere wao.

Sikulaumu. Umesema ni kweli, nami nimeshika neno lako. Nataka tu ujue kwamba nimelishika kwa mikono miwili, na la kwangu nimeliweka chini ili nilishike lako.

Rudi na hilo jiwe tulione wote.

Mkeo


Kambini, 27 Juni

Mama Mapacha,

Lori likiondoka tarehe thelathini, uwe ndani. Soma mstari huo tena, kisha ndipo uendelee.

Dereva wa gari la maji, anayetubebea barua, anaondoka sasa hivi, amenipa muda wa kunywa chai kikombe kimoja, na chai naimwaga ili niandike. Barua yako niliipokea jana, nikaisoma, nikajisifu. Nakuambia ukweli, nilijisifu! Niliwasomea wenzangu pale pa hapana. Kisha nikamuuliza dereva, kwa maringo tu, "Shemeji yako ulimkutaje? Anang'aa?" Dereva akasema, "Yuko salama. Amekaa barazani juu ya ile mashine ya kukatia vigae, ameifunika gunia. Nilimsalimia mara mbili ndipo akasikia."

Umeifunika gunia. Mashine ile ambayo tulipohama nyumba uliipakata wewe na mimi nikapakata watoto.

Sijala tangu jana. Mpishi amedhani naumwa, ameniletea uji mwenyewe hadi hemani. Sasa sikiliza habari ya huyu Mpishi.

Wiki ile ya kwanza alitutuma tumtafutie mafiga, kwa kuwa ya zamani yalikuwa madogo kwa sufuria jipya. Wenzangu walileta mawe mawili meusi. Mimi, unanijua, nikataka kuleta zuri. Nikaliona jiwe jeupe, limekaa vizuri, sura ya stuli. Lilikuwa na vichembe vya kahawia-nyekundu ubavuni. Mwenzangu akauliza, "Hivyo nini?" Nikasema, "Kutu hiyo, macho yangu hayakosei." Kigae chako kilikuwa mfukoni, Mama Mapacha. Hakunizuia mtu kukitoa. Sikukitoa, maana ningekitoa ningeonekana sijui. Nikalibeba jiwe begani nikiimba.

Ilikuwa marumaru. Mume wa fundi vigae amempelekea mpishi figa la marumaru! Wewe umenieleza miaka yote tangu nikuoe: marumaru na moto hawapatani, usiweke karibu na jiko, itapasuka. Nilikuwa naitikia "ehee" na kula. Basi figa likachukua moto siku chache, likaanza kumung'unyika kama sukari iliyolowa, na siku moja sufuria la maharage likaanguka lote majivuni. Kambi ililala na njaa. Mpishi alinitukana kwa lugha ambayo hata mimi sikuwa nimeisikia, na mimi nimetembea.

Asubuhi alikuwa anazoa majivu. Jeupe lote lilikuwa limevunjika kuwa unga, lakini vile vichembe vilibaki vizima, vimesimama. Angeweza kuvitupa. Akaviosha kwenye kikombe chake cha chai, akaviangalia, akaona vina pande, akampelekea Daktari bila kelele. Daktari akageukia kwetu: "Nani ana kigae?" Mimi ndiye niliyekuwa nacho. Nikakitoa. Nikasimama pale nikimtazama Daktari anasugua, kigae kinakwaruzika, kisha anakiinua kichembe juani, ubavu kahawia, kichwa chekundu, na Mpishi anachungulia kwa lenzi, vichwa vyao vikigongana. Daktari alipouliza jiwe la figa limetoka wapi niliwapeleka, na penyewe pako, na kazi sasa inaendelea pale. Kuhusu cheo, Daktari hajasema kitu. Lile neno la "umetuokoa" aliambiwa Mpishi.

Kigae chako kimefanya kazi kubwa kuliko mimi kwenye kambi hii. Hilo peke yake unaweza kuwatambia watu.

Lile ganeti nililinunua kwa mchimbaji mmoja kwa nusu pakiti ya sigara.

Kwa nini, utauliza. Jioni ile ya jiwe ndipo nilipoipata barua yako ya hoteli. Nimetoka kumwona Mpishi amepewa kiti changu, nafungua barua, nakuta na wewe umepewa kiti, tena cha usimamizi, na fundi bomba atakuwa nawe. Nikaona kila mtu duniani ameitwa jina lake isipokuwa mimi. Nilimwonea wivu Mpishi. Nilimwonea wivu fundi bomba, ambaye sasa naona amevua kofia na kunisalimia. Lakini hao ni wadogo. Niliyemwonea wivu hasa ni wewe. Niliogopa utapanda lori ukiwa mke wa mbeba nyundo, na nusu mwaka baadaye ushuke msimamizi, unitazame, usikumbuke ulinipendea nini.

Dereva anapiga honi. Atakufikia tarehe ishirini na tisa, nimemwapisha kwa mama yake.

Toa gunia. Wanyang'anye mapacha vile vimto vya magoti, waambie wanasesere walale sakafuni kama baba yao. Mwambie mkandarasi mumeo alikuwa na homa. Fundi bomba akitaka kubeba boksi, mwache abebe, ni zito. Na ukumbi ule wa duara anzia katikati, ulivyomwambia.

Ukikasirika, kasirika ukiwa ndani ya lori. Ukitaka kuniandikia matusi, Mpishi atanisaidia kuyasoma, anayajua vizuri. Na kama hutaki kuniandikia kabisa, nitakaa na hilo pia, nililipika mwenyewe.

Ulitaka neno moja, ni kweli au si kweli, nami nikakuandikia maneno mawili ya uongo. Sasa nayaandika tena bila mzaha.

Si kweli. Jiwe sikulipata mimi, na bahati ile haikuwepo.

Mumeo,
mbeba nyundo